Kura ya kantini: uzi unakatika au haukatiki?

Leo naomba tupumzike kidogo na siasa. Kuna swali la fizikia ambalo nimelibeba kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Nilijaribu kulipenyeza gazetini, mhariri akaniuliza, "Habari iko wapi hapo?" Basi nimelileta hapa nyumbani. Habari ipo, tena kubwa: inahusu wataalamu waliopiga kura juu ya uzi.

Swali lenyewe ni hili. Chukua roketi mbili ndogo zilizotulia angani, mbali na kila kitu, moja mbele na nyingine nyuma. Kati yao kuna mita 100. Zimetengenezwa sawasawa, injini zao ni sawa, na mpango wa kuendesha injini hizo ni uleule. Sasa funga uzi mwembamba kutoka roketi moja hadi nyingine. Uzi unafika tu, haujalegea wala haujavutwa, na ni dhaifu kiasi kwamba hauwezi kuvuta roketi yoyote wala kuichelewesha. Pembeni, kwa umbali ulio sawa kutoka kila roketi, kuna mtu mwenye taa. Anatoa ishara, mwanga unazifikia roketi zote mbili kwa wakati mmoja, zinawasha injini na kuanza kwenda upande uleule, zikiongeza kasi taratibu. Kwa kuwa zinafuata mpango mmoja, mtu yule wa taa anaona kwamba kila sekunde zina kasi sawa. Basi nafasi kati yao kwake haibadiliki: mita 100 mwanzo, mita 100 kesho, mita 100 hata zikikaribia kasi ya mwanga.

Je, uzi utakatika?

Jipe dakika moja kabla hujaendelea kusoma. Kwa wale waliopita PCM, jipeni mbili.

Jibu la haraka linalomjia karibu kila mtu ni kwamba uzi haukatiki. Kwa nini ukatike? Roketi hazijaachana. Magari mawili yaliyounganishwa kwa kamba ya katani, yakiondoka pamoja na kwenda kwa mwendo mmoja, kamba inabaki salama. Na kama mtu amewahi kusikia kwamba kwa mujibu wa Einstein vitu vinavyokwenda kasi sana hufupika, atasema: sawa, uzi unafupika, lakini na nafasi kati ya roketi inafupika vilevile, kwa hiyo ngoma droo.

Swali hili liliwahi kuzuka katika kantini ya CERN, ile maabara kubwa ya fizikia iliyoanzishwa 1954 karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Aliyetusimulia ni John Stewart Bell, mwanafizikia kutoka Belfast, katika makala aliyoichapisha 1976 kuhusu namna ya kufundisha nadharia ya uhusianifu. Anasema mwanafizikia mmoja mashuhuri wa upande wa majaribio alikataa katakata kwamba uzi utakatika. Alipoambiwa kuwa unakatika alidhani ni Bell tu aliyeielewa vibaya nadharia. Ubishi ukawa mkubwa, wakaamua kwenda kwa waamuzi: idara ya nadharia ya CERN, watu ambao kazi yao ya kila siku ni hesabu za namna hiyo. Wakapita wakiuliza mmoja mmoja. Bell, muungwana, anakiri kwamba uchunguzi huo wa maoni haukufanywa kwa utaratibu wa kisayansi sana. Lakini matokeo yalikuwa wazi. Wengi walisema uzi haukatiki.

Uzi unakatika.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti vizuri. Sisi waandishi wa habari tunaishi kwa sentensi moja: "wataalamu wanasema". Ukiwa na wataalamu wawili stori yako inapita, ukiwa na watano unapewa ukurasa wa kwanza. Na Waswahili wana lao: wengi wape. Sasa hawa walikuwa wengi, walikuwa wataalamu, hawakuwa na chama wala mfadhili wa kumridhisha, na swali lilikuwa la uzi tu. Ilikuwaje?

Ili kulijibu itabidi turudi nyuma, kwa sababu Bell aliamini (nami nakubaliana naye) kwamba waliokosea walikosea kwa kutoijua historia ya fomula waliyokuwa wakiitumia.

Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walitaka kupima mwendo wa dunia ndani ya etha. Etha ilikuwa kitu ambacho wanasayansi wa karne ile waliamini kimejaa kila mahali na kwamba mwanga husafiri ndani yake kama mawimbi yasafirivyo majini. Dunia inalizunguka jua kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo kama etha ipo, tunapaswa kuwa tunaipasua kama mtumbwi. Fikiria wapiga kasia wawili kwenye mto kama Rufiji. Mmoja anapanda mto kisha anarudi, mwingine anavuka ng'ambo kisha anarudi, umbali uleule, nguvu zilezile. Ukipiga hesabu utakuta hawafiki pamoja: anayepanda na kushuka huchelewa. Michelson na Morley walifanya mashindano hayo kwa miale ya mwanga, kwenye jiwe kubwa lililoelea juu ya zebaki ili waweze kulizungusha bila kulitikisa. Hakuna mwale uliochelewa. Kama tofauti ilikuwepo, ilikuwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya ile waliyoitarajia.

Watu walibabaika. Miaka miwili baadaye, 1889, profesa mmoja wa Trinity College, Dublin, aitwaye George Francis FitzGerald aliandika barua kwa mhariri. Narudia kwa furaha: barua kwa mhariri. Ilikuwa fupi, na ilipelekwa kwa jarida la Science la Marekani. Alisema njia karibu pekee ya kueleza matokeo yale ni kwamba vitu hubadilika urefu vinapokwenda ndani ya etha. Mkono wa kile chombo unaoelekea kule dunia inakokwenda unafupika kidogo, kiasi cha kufidia kuchelewa kwa mwanga. Na hakulitoa hewani. Rafiki yake Oliver Heaviside alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba nguvu za umeme zinazoizunguka chaji inayokwenda hubanwa, hazibaki duara kama za chaji iliyotulia. FitzGerald akawaza: kama nguvu zinazoshikanisha molekuli za jiwe au chuma zina tabia kama hiyo, basi chuma nacho kikienda kitabanwa.

Barua ikasahaulika. FitzGerald mwenyewe hakujua kama ilichapwa. Mwaka 1892 Hendrik Lorentz wa Leiden, Uholanzi, alifikia wazo hilohilo peke yake, na baadaye aliposikia kuna mtu Dublin amemtangulia akamwandikia kuuliza. FitzGerald alijibu 1894 kwamba alipeleka barua kwa Science lakini hakuwa na hakika kama ilitoka, na kwamba amefurahi sana kupata mwenzake kwa sababu huko kwao walikuwa wakimcheka kwa wazo hilo. Ilikuwa imetoka. Lakini ilibidi isubiri hadi 1967 ndipo mwanahistoria Stephen Brush aliporudisha macho ya watu kwenye kurasa zile. FitzGerald alikuwa amekufa tangu 1901, akiwa na miaka 49. (Huyu bwana alikuwa wa aina yake. Mwaka 1895 alijaribu kuruka kwa mabawa ya kuelea ya Lilienthal katika uwanja wa chuo, mbele za watu. Nadhani kuchekwa alikuzoea.)

Kiasi cha kufupika ni kidogo mno kwa kasi za kawaida. Dunia yetu yenye kipenyo cha kilomita zaidi ya 12,700, kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, inafupika kwa sentimita 6 hivi tu. Ndege ya mita 40 inayotoka Dar kwenda Mwanza kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa inafupika kwa urefu ulio chini ya upana wa atomu moja. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini ukifika asilimia 60 ya kasi ya mwanga, mita 100 zinakuwa 80. Ukifika asilimia 80, zinakuwa 60.

Kisha akaja Einstein. Mwaka 1905, akiwa na miaka 26 na ajira katika ofisi ya hataza mjini Bern, alionyesha kwamba huhitaji kujua lolote kuhusu molekuli wala etha. Anza na mambo mawili tu: sheria za fizikia ni zilezile kwa kila mtu anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, na kasi ya mwanga ni ileile kwa wote. Kutoka hapo fomula ya Lorentz inatoka yenyewe, na pamoja nayo jambo geni kuliko yote, kwamba matukio mawili yanayotokea "wakati mmoja" kwangu huenda kwako yakatokea moja baada ya jingine, kama tunapishana kwa kasi. Kwa Einstein urefu ni umbali kati ya ncha mbili zilizopimwa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hatukubaliani "wakati mmoja" ni upi, hatuwezi kukubaliana juu ya urefu.

Ni kazi safi mno. Mimi naiona kama nyumba iliyopigwa deki mpaka huoni alama ya fundi aliyeijenga. Na hapa ndipo Bell anapoona tatizo lilipoanzia. Vitabu vya shule na vyuo vilichukua njia ya Einstein peke yake, na kwa vizazi kadhaa wanafunzi wakajifunza kufupika kama tofauti ya mitazamo tu: wewe unaona hivi, mimi naona vile, na hakuna kilichotokea kwa kitu chenyewe. Wazo hilo lilianza mapema. Mwaka 1911 mtaalamu wa hisabati wa Zagreb, Vladimir Varićak, aliandika kwamba kwa Lorentz kufupika ni kwa kweli lakini kwa Einstein ni kwa kuonekana tu, jambo lililo akilini mwa mtazamaji. Einstein alimjibu mwaka huohuo. Alisema swali la kama ni kweli au si kweli linapotosha: kwa anayekwenda pamoja na kitu hakuna kufupika, lakini kwa asiyekwenda nacho kufupika kupo, na kunaweza kuthibitishwa kwa vipimo. Jibu zuri. Lakini waliosoma vitabu wengi hawakusoma jibu.

Sasa turudi kwenye uzi. Tuufanye mfano kwa tarakimu, maana bila tarakimu tutabishana mpaka kesho.

Anza na mtu wa taa. Roketi zimefika asilimia 60 ya kasi ya mwanga. Yeye anaona zimeachana mita 100, kwa sababu zilianza pamoja na zimekwenda sawa. Uzi nao unakwenda kwa kasi hiyohiyo. Uzi wa mita 100 unaokwenda kwa kasi hiyo, ukiachwa huru, urefu wake wa kawaida ni mita 80. Nguvu zinazoshikanisha atomu zake zimebanwa, kama alivyowaza FitzGerald. Lakini hauko huru. Umefungwa ncha mbili zilizoachana mita 100. Uzi unaotaka kuwa na mita 80 unalazimishwa kufika mita 100. Unakatika. Kwa mtu wa taa hadithi imeisha, mistari mitatu tu. Na mtu wa kantini aliyesema "nafasi nayo inafupika" ajiulize: nani kaifupisha? Nafasi si kitu. Haina molekuli za kuivuta roketi ya nyuma isogee mbele. Umbali kati ya roketi unaamuliwa na injini zao, na injini zimeamriwa kwenda sawa.

Haya, tupande sasa kwenye roketi. Huku ndiko wengi wanakopotea, kwa sababu aliye kwenye roketi haoni uzi wake umefupika. Kwake umetulia. Basi nini kinaukata?

Ili hesabu iwe rahisi tuseme kasi imepandishwa ghafla, kutoka sifuri hadi asilimia 60 kwa mkupuo. Tumwite mwangalizi wa pili, ambaye tangu mwanzo alikuwa akisafiri kwa kasi hiyo ya asilimia 60. Yeye alipoziangalia roketi kabla hazijawashwa, aliona zinarudi kinyumenyume kwa asilimia 60 ya kasi ya mwanga, na alipopima nafasi kati yao akapata mita 80, na uzi mita 80. Kisha injini zikawaka. Kwa mtu wa taa ziliwaka wakati mmoja. Kwa huyu wa pili, la. Kwake ya mbele iliwaka kwanza, ikasimama. Ya nyuma ikachelewa kwa robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Unaweza kusema hicho ni kitu gani, lakini kwa kasi ile, katika muda huo mdogo, roketi ya nyuma iliendelea kurudi nyuma mita 45 kabla nayo haijasimama. Mita 80 jumlisha 45 ni mita 125. Sasa roketi zote mbili zimetulia mbele yake, zimeachana mita 125, na uzi uliofungwa kati yao una mita 100. Unakatika.

Angalia uwiano: 100 kwa 80, na 125 kwa 100. Ni uleule, moja na robo. Watu wawili wanatoa sababu tofauti kabisa, mmoja anasema uzi ulifupika, mwingine anasema roketi ziliachana, na wote wako sahihi, na wote wanaokota vipande vilevile vya uzi. Kukatika si suala la mtazamo. Uzi uliokatika kwa mmoja hauwezi kuwa mzima kwa mwingine.

Bell anasema wengi wa wale waliokosea waligundua jibu sahihi wenyewe walipokaa na kalamu. Lakini walilifikia kwa njia hii ya pili, ndefu, ya kujiweka ndani ya roketi moja na kuona nyingine ikizidi kuachana nayo. Baada ya hapo, kwa shingo upande, ndipo wakakubali kwamba kwa mtu wa taa jambo lilikuwa rahisi tangu mwanzo: uzi umefupika, umefungwa, umekatika. Hicho ndicho kilichomsumbua Bell. Wataalamu hawa hawakuwa wajinga wa hesabu. Walikosa imani na kufupika kwenyewe. Walifundishwa kukuona kama kivuli, kwa hiyo haikuwaingia akilini kwamba kivuli kinaweza kukata uzi.

Dawa aliyopendekeza ilikuwa ya kizamani kwa makusudi. Chukua atomu moja, alisema, kiini kizito katikati na elektroni inayokizunguka. Usimtaje Einstein. Tumia sheria za umeme na sumaku za Maxwell, za karne ya 19, pamoja na sheria ya mwendo aliyokuwa nayo Lorentz. Anza kukisukuma kiini polepole mpaka kiende kasi, na uache kompyuta ikokotoe elektroni inafanya nini. Utaona njia ya elektroni, iliyokuwa duara, inabanwa upande wa mwendo, kwa kiasi kilekile cha FitzGerald. Na mzunguko wake unachukua muda mrefu zaidi, yaani "saa" ya atomu imepungua mwendo. Hakuna falsafa hapo, hakuna watazamaji wanaobishana. Ni kitu kimesukumwa na kimebadilika umbo kwa sababu ya nguvu zilizomo ndani yake. Ukishaliona hilo, njia ya Einstein inakuja kama ufupisho mzuri wa safari unayoijua, na Bell hakuwa na ugomvi nayo hata kidogo.

Kuna wanaomlaumu kwamba kwa njia hiyo anaturudisha kwenye etha. Mimi sioni hivyo. Aliandika kama mwalimu, na alikuwa na haki ya kusema juu ya kujifunza kwa mikono. Alizaliwa 1928 katika familia isiyo na uwezo, na kabla ya kuwa mwanafunzi wa Queen's University, Belfast, alifanya kazi mwaka mmoja katika maabara ya chuo hichohicho kama fundi. Dunia inamjua zaidi kwa kazi yake ya 1964 juu ya fizikia ya kwanta, ambayo majaribio yaliyotokana nayo yaliwapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobeli 2022. Yeye alikuwa amekufa tangu 1990. Mwaka mmoja kabla ya kufa, 1989, alikwenda Dublin kutoa mhadhara juu ya FitzGerald, miaka 100 baada ya ile barua.

Niwe mwadilifu katika jambo moja. Siku hizi watu huliita tatizo hili kwa jina la Bell, lakini halikuwa lake, na mwenyewe aliliita swali la zamani. Waliolichapisha ni Edmond Dewan na Michael Beran, 1959, katika American Journal of Physics. Hata wao hawakuachwa wapumue: 1962 Paul Nawrocki aliandika kuwapinga kwamba uzi haupaswi kukatika, na Dewan akamjibu mwaka uliofuata. Kwa hiyo wakati kantini ya CERN inapiga kura yake, jibu lilikuwa limeshachapwa na kutetewa, liko kwenye rafu za maktaba. Ukinichekesha nitasema ni kama baadhi ya vyumba vyetu vya habari, ambako ni rahisi zaidi kumpigia simu mtaalamu kuliko kushuka ngazi kwenda kusoma faili.

Na ukichimba zaidi, mzizi uko 1909. Mwaka huo Max Born alijaribu kueleza ni nini maana ya kitu kigumu, kisichonyumbuka, katika nadharia mpya. Iligundulika kwamba ukitaka kukisukuma kijiti kiongeze kasi bila kuvutika wala kubanwa kwa vipimo vyake mwenyewe, ncha ya nyuma lazima iongeze kasi kwa ukali zaidi kidogo kuliko ya mbele. Rudi kwa roketi zetu uone: kosa lao ni kuwa sawa. Kama roketi ya nyuma ingepewa mpango wa kusukuma zaidi kidogo, kwa kiasi kinachofaa, ingeendelea kuisogelea ya mbele machoni pa mtu wa taa, nafasi ingefupika pamoja na uzi, na uzi ungefika salama.

Mwaka huohuo Paul Ehrenfest aliuliza kuhusu sahani inayozunguka. Ukingo wake unakwenda kasi kwa kufuata mzingo, kwa hiyo mzingo unapaswa kufupika. Lakini nusu kipenyo kimekaa kwa kukingama na mwendo, kwa hiyo hakifupiki. Mzingo mfupi kwa nusu kipenyo kilekile? Haiwezekani sahani ibaki sahani bila kuvutika au kuvunjika mahali fulani. Huwezi kuichukua sahani iliyotulia ukaizungusha huku kila kipande chake kikibaki na vipimo vyake. Ni uzi wa roketi uleule, umefungwa duara. Einstein aliitafakari sana sahani hiyo, na ilimsaidia kuona kwamba jiometri tuliyofundishwa shuleni haitatosha kwa nadharia yake ya mvutano aliyoikamilisha 1915. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na kusema kweli ni ndefu.

Kwa wanaotaka ushahidi wa mashine badala ya roketi za kufikirika, upo, na ninaupenda kwa sababu pande zote mbili za swali la kantini zimo ndani yake.

Katika mashine ya RHIC huko Brookhaven, Marekani, iliyoanza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000, kila kiini kilisukumwa taratibu hadi karibu kabisa na kasi ya mwanga. Kiini cha dhahabu kikiwa kimetulia ni kama mpira. Kikiwa na kasi ile, kwa vipimo vya walio maabara, kilikuwa kimefupika zaidi ya mara 100 kwa upande wa mwendo, kwa hiyo kilichogongana si mipira, ni chapati mbili zilizokutana uso kwa uso. Bila kuhesabu hivyo huwezi kueleza kilichotoka kwenye mgongano. Kiini kilifuata kufupika kwa sababu kimeshikanishwa na nguvu kali, na nguvu hizo ziliendelea kukipanga upya kadiri kasi ilivyopanda.

Halafu nenda California, kwenye mashine ya SLAC iliyoanza kazi 1966, bomba lililonyooka lenye urefu wa kilomita 3 na ushei. Elektroni ziliingizwa humo kwa mafungu. Baada ya mita chache za kwanza zote zilikaribia kasi ya mwanga, na kuanzia hapo ziliendelea kupata nishati mpaka mwisho wa bomba, mbele na nyuma zikisukumwa kwa mpango mmoja. Kama nafasi zingekuwa zinafupika zenyewe, fungu lingekuwa linasinyaa njia nzima. Halikusinyaa. Elektroni ya mbele na ya nyuma zilifika mwisho zikiwa zimeachana karibu umbali uleule zilioanza nao kwenye mbio hizo, na mwangalizi anayesafiri nazo angeziona zimetawanyika mbali mno, maelfu ya mara. Ni roketi za Bell zilezile, ila kati ya elektroni hizo hakuna mtu aliyefunga uzi.